Kwa Fundi wa Bonde la Ina, Oktoba 1964

Jumapili, 4 Oktoba 1964

Tarehe naiandika kwa kuiamini kalenda ya ukutani na kauli ya Mwalimu aliyenipa daftari hili. Kwa hesabu yangu, juzi ilikuwa Januari 2023, na nilikuwa Ubaruku, wilayani Mbarali, nachavanga jaruba la mtu, yaani navuruga tope la kupandia mpunga, kwa pawatila, trekta dogo la mkono, usiku. Pawatila ikateleza kwenye tuta, ikanilalia mguu, tukaingia mferejini pamoja. Nilipoinua kichwa, pawatila haikuwepo, joto la Usangu halikuwepo, na maji yalikuwa ya kukata mifupa. Milima ilisimama kulia na kushoto, na kando ya mfereji mpunga uliokwisha kuvunwa ulikuwa umeanikwa kwenye fito ndefu, mashuke yakining'inia. Kilichonivusha sikielewi, na sitamaliza karatasi kukieleza.

Aliyenitoa majini ni fundi mitambo wa kijiji hiki cha bonde la Ina, mkoa wa Nagano, katikati ya Japani. Nilisikia injini yake kabla sijamwona. Dizeli ya silinda moja, ile ya kulala, mlio ninaoujua hata usingizini. Nikapiga kelele, "Kaka, nisaidie!" nikiamini ni mwenzangu wa Ubaruku. Akaja mtu mfupi mwenye ovaroli la oili, akaruka mferejini na viatu vyake, akanibeba hadi kwenye trela ya pawatila yake. Alivua koti akanifunika. Njia nzima hakunitazama usoni hata mara moja.

Mganga wa mifupa alikuja jana kwa pikipiki ya Honda. Muundi umepasuka lakini haujahama. Aliunyoosha, akaufunga kwa vipande vya mbao na bendeji. Pesa sina, na ya hapa ni yeni. Kupitia dirishani nikaona malipo yanavyofanyika: Fundi alishusha kabureta ya ile Honda, akaisafisha, akakaza mnyororo, akafuta mpaka rimu. Mganga akaondoka bila kudai senti.

Mwalimu anafundisha Kiingereza shule ya kati, na Kiingereza chake na changu vinakutana njiani. Alinionyesha gazeti lenye picha ya treni mpya, Shinkansen, iliyozinduliwa Alhamisi hii ya tarehe 1: Tokyo hadi Osaka kwa saa nne. Nikamwuliza mwaka. Akaandika 1964. Mama yangu mzazi hajazaliwa.

Jumatatu, 5 Oktoba

Fundi anaishi na mama yake, ninayemwita Bibi, naye anaitika. Bibi ndiye mwenye maneno ya nyumba hii. Fundi akitaka kusema nami, anaiambia injini iliyo mbele yake, nami nasikiliza kutoka pembeni.

Leo mchana alinisimamisha kwenye nguzo ya mlango, akachora mstari wa chaki usawa wa kwapa langu, mwingine usawa wa kiganja, kisha akatoroka. Hakuna neno jingine la kueleza alivyoondoka. Alijigonga kichwa kwenye boriti ya mlango wake mwenyewe. Jioni nikakuta magongo mawili yameegemezwa nje ya chumba changu. Ni ya mianzi. Sehemu ya kwapa ameizungushia utepe wa mpira wa ndani wa tairi, tabaka juu ya tabaka, na kila ncha ya chini ameivisha kipande cha tairi alichokikata kwa kisu na kukichora mistari ili kisiteleze. Nilikagua zile fundo za utepe kwa muda mrefu. Kila moja imefungwa upande wa nje, ili isinichubue mbavu.

Nikaenda nayo karakana kumshukuru. Mwalimu alikwisha nifundisha: *arigato*. Fundi aliposikia akawa mwekundu, akaingia chini ya lori la matairi matatu, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

Jumatano, 7 Oktoba

Polisi wa kijiji amekuja. Kisheria nilikuwa na kila sababu ya kuogopa: sina pasi, na kitambulisho changu kinasema nimezaliwa 1991. Nilikificha chini ya mkeka. Akauliza nchi, nikajibu Tanzania, Mwalimu akafungua atlasi akaikosa. Nikakumbuka kwamba jina hilo litatangazwa tarehe 29 ya mwezi huu huu. Kwa leo ni Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Nikaweka kidole kwenye Tanganyika.

Polisi alishafanya hitimisho lake: Olimpiki inafunguliwa Tokyo Jumamosi, basi Mwafrika huyu ni wa msafara wa wanamichezo, amepotea njia. Mwalimu alinyamaza, nami nikanyamaza. Ndipo Fundi, ambaye nilidhani hasikilizi, akaweka spana chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akainamisha kichwa mpaka chini na kusema sentensi moja. Mwalimu alinitafsiria baadaye: "Huyu ni mgeni wangu. Akikosea lolote, mnishike mimi."

Polisi aliandika kitu kifupi, akanywa chai, akaaga.

Alhamisi, 8 Oktoba

Maumivu usiku kucha. Bibi aliniletea chupa ya bati yenye maji ya moto, imefungwa kitambaa, ya kuweka miguuni. Sikuandika zaidi.

Jumamosi, 10 Oktoba

Ufunguzi. Kijiji kizima kilijaa nyumba ya mwenye duka, kwenye televisheni ya picha nyeusi na nyeupe. Fundi alinipeleka kwa trela, amelaza magunia ya makapi ya mpunga ili mguu usitikisike, akiendesha polepole hata watoto wa shule walitupita.

Mbeba mwenge wa mwisho alikuwa kijana aitwaye Yoshinori Sakai, aliyezaliwa mkoa wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siku ile ile bomu lilipoanguka. Alipopanda zile ngazi chumba kikanyamaza. Wazee walishika mikono yao wenyewe. Nimekulia na habari za Hiroshima kwenye kitabu cha historia cha kidato. Hapa nilikaa bega kwa bega na watu ambao jambo hilo lina umri wa miaka 19 tu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimemwambia Fundi ukweli.

Nimefanya hivyo kwa sababu mtu aliyeweka paji la uso chini kwa ajili yangu anastahili kujua amemwekea nani. Mwalimu hakuwepo. Nilikuwa na vitu viwili mfukoni vilivyopona maji: sarafu ya shilingi 500 na tochi ndogo ya kulimia usiku. Nikampa sarafu kwanza. Ina picha ya Mzee Karume na mwaka: 2014. Akasoma tarakimu, akaigeuza, akaniangalia. Ndiyo, aliniangalia, mara ya kwanza. Kisha akairudisha bila kuonyesha kuamini wala kukataa.

Nikawasha tochi.

Alishtuka kwa ule weupe. Akaizima, akaiwasha, akaizima. Akaomba kwa ishara ruhusa ya kuifungua, na nilipokubali alitandaza kitambaa safi mezani, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akavaa lenzi ya jichoni. Akatoa betri, mbili ndogo, hizo anazijua. Akafungua kichwa cha tochi akitafuta waya. Taa ya tochi ni waya unaowaka ndani ya kioo. Ndivyo anavyojua yeye na ndivyo dunia ya leo inavyojua. Hapakuwa na waya. Palikuwa na kidoa cha njano, kidogo kuliko punje ya mchele. Akagusa kwa ncha ya kidole: haichomi. Akaunganisha betri tena huku kichwa kiko wazi, ikawaka, akasogeza jicho karibu mno hata nikamvuta bega.

Ningekuwa na lugha ningemwambia. Nilisoma umeme chuo cha ufundi cha VETA, na mwaka 2014, ulipotolewa Nobeli ya fizikia kwa diodi inayotoa mwanga wa buluu, mwalimu wetu alitusimulia kwa nini kila tochi ya soko la Ubaruku inadaiwa shukrani na wazaliwa watatu wa Japani. Mmoja wao, Shuji Nakamura, leo ana miaka kumi na yuko shule ya msingi kisiwa cha Shikoku. Mwanga huu ni wa kwao. Mimi nimeurudisha tu kabla ya wakati.

Fundi aliifunga tochi skrubu kwa skrubu, akaifuta, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akachukua chaki, akaandika ubaoni 1964, akachora mstari mrefu, akaniachia chaki. Nikaandika 2023. Akatikisa kichwa kukubali, akafuta ubao, akaenda kuniletea chai.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mita 800. Peter Snell wa New Zealand wa kwanza, Bill Crothers wa Kanada wa pili, na wa tatu Wilson Kiprugut, Kenya! Medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Nilikwisha kuisoma, nilijua inakuja, na bado nilipiga kelele nikasahau mguu. "Jirani yangu huyo! Jirani!" nikipiga kifua kwa Kiswahili mbele ya wakulima wa Nagano. Wakanishangaa. Fundi akasimama peke yake, akapiga makofi, uso umewaka kwa aibu, mpaka na wengine wakasimama.

Usiku Mwalimu alisema redio imetangaza Uchina imelipua bomu la nyuklia leo. Hatukuzungumza tena.

Jumapili, 18 Oktoba

Bibi alirudi alfajiri kutoka mashambani na mfuko wa kitambaa unaochezacheza. Panzi wa mpunga. Akawachemsha, akawatoa miguu, akawapika kwa sukari na mchuzi wa soya mpaka waking'aa. Aliniwekea samaki, akidhani mgeni hatakula. Mimi ni mtoto wa Muleba! Nikavuta lile bakuli la panzi, nikala kwa kasi ya mtu aliyekosa senene misimu kadhaa. Bibi alicheka hadi machozi, akaenda kuwaita majirani waje waone. Ladha ya sukari ni ngeni, lakini ule mlio wa kutafuna ni wa nyumbani kabisa.

Kwenye altare ndogo ya nyumba kuna picha ya mwanamke kijana amembeba mtoto. Kila asubuhi Bibi huweka wali mbele yake na kugonga kengele. Leo nilimwuliza Mwalimu. Alinieleza kwa sauti ya chini: mkoa wa Nagano ndio uliopeleka walowezi wengi kuliko yote Manchuria, kaskazini-mashariki mwa Uchina, kabla na wakati wa vita, na wengi walitoka bonde hili. Fundi alikwenda na mke. Vita vilipoisha yeye alichukuliwa mateka Siberia. Alirudi mwaka 1948, peke yake. Picha hiyo ndiyo iliyorudi.

Sasa naelewa kwa nini hakuniuliza nimetoka wapi ile siku ya kwanza.

Jumatatu, 19 Oktoba

Kazi! Nimekaa kwenye kasha la mbao karakana. Wakati huu wa kupura, kila pawatila ya kijiji inazungusha mashine ya kupurira kwa mkanda mrefu, na kila iliyoharibika inaletwa hapa. Moja iligoma kuwaka. Injini hizi ni bibi za zile ninazozijua: kile kiboya chekundu cha kuonyesha maji, kile kimkono cha kulegeza mgandamizo unapozungusha hendeli, vyote vipo. Nikasikiliza, nikamwonyesha Fundi bomba la nozo. Akalegeza nati, mapovu yakatoka pamoja na dizeli. Hewa. Akakaza, akazungusha hendeli, ikawaka. Akanipa spana namba 14 nikae nayo, yangu.

Jumatano, 21 Oktoba

Marathoni. Hata waliokuwa wakipura walizima mashine. Kamera zilifuata wakimbiaji njia nzima. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache zilizopita, alikimbia peke yake, safari hii na viatu, akamaliza kwa 2:12:11.2, kisha akalala kwenye majani akafanya mazoezi ya viungo.

Halafu uwanja ukalipuka kwa kelele: wa pili kuingia alikuwa Mjapani, Kokichi Tsuburaya, mwanajeshi, mtoto wa wakulima wa Fukushima. Nyuma yake Mwingereza Basil Heatley. Kwenye mzunguko wa mwisho, mbele ya macho ya taifa zima, Heatley akampita. Shaba. Ndiyo medali pekee ya riadha ya Japani kwenye michezo hii. Watu chumbani walipiga makofi, wengine walilia. Fundi alisema kitu kimoja: "Amechoka sana."

Mimi nilitoka nje kwa magongo. Nilikuwa mkimbiaji wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nimesoma habari za hawa watu wote. Najua Januari 1968 kijana huyu, baada ya majeraha ya mgongo na mzigo wa kuahidi dhahabu ya Mexico, atajitoa uhai, na barua yake ya mwisho itawashukuru ndugu zake mmoja mmoja kwa vyakula walivyomlisha, yakiwemo matunda ya kaki yaliyokaushwa. Na hapa nje, chini ya paa la Fundi, Bibi ameanza kumenya kaki na kuzining'iniza kwa kamba.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimewaambia wote wawili, Mwalimu na Fundi. Mwalimu hakuamini, amenisikiliza kwa heshima tu. Fundi aliuliza swali moja: "Kambi yake iko wapi?"

Jumamosi, 24 Oktoba

Wamefunga michezo. Kikosi kilichoingia uwanjani tarehe 10 kama Rhodesia ya Kaskazini kimetoka leo na bendera ya Zambia, nchi iliyozaliwa leo. Nilisimama kwa mguu mmoja.

Usiku tumeandika barua kwa Tsuburaya. Mimi nasema, Mwalimu anaandika Kijapani, Fundi anasikiliza. Nilianza na maonyo, yakasikika ya kichaa. Nikajaribu pongezi, Mwalimu akasema atapokea maelfu ya hizo, na pengine hizo hizo ndizo zitakazomlemea. Hapo nikamsimulia habari ya Akhwari wetu, John Stephen Akhwari, ambaye miaka minne ijayo huko Mexico atamaliza marathoni wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, giza limeingia, na kwetu hakuna aliyemdai kitu. Tunamwita shujaa hadi leo. Mwalimu akasema hilo haliwezi kuandikwa, bado halijatokea.

Kikapita kimya. Fundi akanyoosha mkono, akachukua kalamu kwa Mwalimu. Sikuwahi kumwona akiandika. Alibonyeza karatasi mpaka nyuma ikatokea alama. Mistari mitatu. Mwalimu alinitafsiria: yeye ni fundi wa kijijini, ana chumba cha ziada, wali upo, na hakuna mtu hapa atakayemwuliza habari za mbio. Aje wakati wowote, hata bila taarifa. Chini akachora ramani kutoka stesheni ya reli ya Iida hadi karakana, na mti wa kaki umewekewa alama.

Tumeifunga hivyo. Kaki zikikauka, boksi litafuata.

Jumatatu, 26 Oktoba

Kumbe kila jioni Fundi alikuwa anakwenda mferejini. Pale aliponiokota amechimbia mti wenye kitambaa chekundu. Baada ya mavuno mifereji hufungwa, na wenye mashamba walipanga kuufunga mwisho wa mwezi. Jana kulikuwa na mkutano. Mwalimu anasema Fundi alisimama, jambo ambalo hajalifanya tangu arudi kutoka Siberia, akaomba maji yaachwe kidogo mpaka mguu wa mgeni upone, kwa kuwa njia ya mgeni ni hiyo. Wakamwuliza maana yake nini. Akasema hawezi kueleza, ila atatengeneza mashine ya kila mtu bure mpaka masika. Wakakubali kuacha maji. Bure wakaikataa.

Nilimtafuta kumshukuru, nikamkuta chini ya lori. Safari hii sikumwacha. Nilikaa kwenye kasha nikasubiri.

Jumatano, 28 Oktoba

Tangu alipoona tochi, Fundi hajaniuliza lolote kuhusu mbele: si vita, si bei, si Japani itakuwaje. Leo, baada ya chakula cha usiku, mbele ya Mwalimu, aliuliza. Alitaka kujua kama huko kwetu, mwaka 2023, pawatila bado zinatengenezwa au zikiharibika zinatupwa.

Nikamwambia zinatengenezwa. Nikamweleza Ubaruku: mafundi chini ya mti, pistoni kwenye beseni la dizeli, mtoto anayetumwa kununua ringi, mwenye shamba anayezunguka akilalamika msimu unampita. Nyingi zimetoka Japani. Mwalimu alitafsiri, na Fundi akaegemea mbele zaidi na zaidi. Akauliza ni kipi kinachoharibika sana. Nikasema sili ya ekseli: tope la Usangu ni laini, linapenya, linakula mdomo wa sili, oili inavuja bila mtu kujua mpaka gia zinasagika.

Akaleta karatasi. Akachora ekseli ninavyoijua, nikamsahihisha, akachora upya. Linapenyea hapa, au hapa? Hapa. Tope la rangi gani, lina mchanga? Halina. Wanaosha jioni au wanaacha likauke? Wanaacha. Akaguna, akaandika. Mwalimu alisinzia, tukaendelea kwa vidole na chaki. Anadhani kikombe cha bati kikiwekwa mbele ya sili, kikajazwa grisi, tope litakwama hapo kabla ya kufika. Anataka kukijaribu kwenye pawatila yake mwenyewe, kwenye tope la mfereji wangu maadamu maji bado yapo, kisha awaandikie waliounda mashine.

Ameniambia nilale mapema. Asubuhi tunafungua ekseli, yeye chini na mimi kwenye kasha na spana namba 14.